Jiwe Lililong'aa Bafuni

Februari ikiingia, mji wetu wa Tucson hauna kitanda kilicholala. Moteli zote za kando ya barabara kuu husimamisha vitanda ukutani, meza zikapangwa, kila chumba kikageuka duka la mawe. Milango huachwa wazi tangu asubuhi, watu wakapita wakichungulia, wakichokonoa, wakiteta bei. Katika chumba kimoja cha namna hiyo, watu wakikanyagana, Graciela Bustamante alisimama mbele ya trei, akaokota jiwe la kijani, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akalilamba.

Usicheke. Watu wa mawe ndivyo tulivyo. Jiwe likilowa hutoa rangi yake ya kweli, chembe zikaonekana, na ulimi wa mzoefu hujua mengi kuliko jicho lake. Graciela alifundisha sayansi ya dunia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja pale mjini, na alilamba mawe kama mpishi anavyoonja mchuzi.

"Dada," sauti ilitoka nyuma ya meza, "hilo nimelilamba mimi sasa hivi."

Aliinua macho. Mwanamume mrefu alikuwa amemsimamia, shati la jinzi lililopauka kwa jua, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kidevu chenye ndevu nyekundu kidogo. Graciela naye hakuwa wa kupitwa hivi hivi. Alivaa sketi ya maua yenye mifuko mikubwa, chini buti za mlimani, na nywele zake nyeusi alizifunga juu kwa kalamu.

"Kwa hiyo tumeshabusiana," akajibu bila kutabasamu. "Na jina lako bado silijui."

"Lyle Hochstetler. Jiwe bado hujalilipia."

"Nilipie mate yako?"

Lyle alicheka mpaka mteja aliyekuwa jirani akageuka. Akachukua kipande cha chuma cheusi, akakiweka kwenye kiganja cha Graciela. Kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea.

"Kimondo," Lyle akasema. "Kina umri mkubwa kuliko ardhi unayoikanyaga."

"Hayo nayafundisha kila muhula. Chuma hiki na chuma kilichomo kwenye damu yako vilipikwa tumboni mwa nyota zilizokufa kabla jua halijawaka."

"Basi mimi na wewe ni ndugu."

"Wewe na sufuria pia."

Lakini namba ya simu alimpa. Mama mdogo wake, Chayo, aliyekuwa akiuza feruzi kwenye chumba cha jirani, aliyaona yote na akakunja midomo.

"Mwanangu," alimwambia wakila tamale za unga wa mahindi mchana, "mwuza mawe akikuchekea, kwanza hesabu vidole vyako."

Graciela alivihesabu. Hakuhitaji kukumbushwa. Mchumba wake wa zamani alikuwa na mke na watoto kule Albuquerque, na yeye aliijua habari hiyo siku anajaribu gauni la harusi. Tangu hapo moyo wake ulikuwa kama ofisi ya forodha. Kila anayepita hufunguliwa mizigo.

Na huyu Lyle alipita taratibu tu. Alipiga simu kila asubuhi kabla hajafungua mlango wa duka.

"Umeamka, laazizi?"

"Nani aliyekuruhusu neno hilo?"

"Nimelilamba kwanza, nikaona linakufaa."

Siku ambayo Graciela hakuwa na darasa walipanda vilima vya mawe ya chokaa magharibi ya mji. Graciela alimwonyesha alama za kombe zilizoganda ndani ya mwamba, katikati ya jangwa, dungusi zilizonyoosha mikono zimewazunguka pande zote.

"Hapa palikuwa bahari," akasema. "Kina kifupi, maji vuguvugu. Hawa walikuwa wakiishi chini, wakafa, wakarundikana, wakawa mlima."

"Na sisi tumesimama juu ya makaburi yao tunataka kubusiana."

"Nani anataka?"

Alitaka. Walibusiana, upepo ukamwangushia kalamu yake ya nywele, na wakati wa kushuka aliona amemshika Lyle mkono bila kukumbuka alianza lini. Alimpenda, na hilo lilimtisha kuliko chochote.

Wiki ya pili Lyle akamletea zawadi. Jiwe la kijivu, na juu yake vibamba vyembamba vya rangi ya chungwa iliyoiva, vinapitisha mwanga kama peremende. Wulfenaiti, madini ambayo watu wa Arizona huyaota usingizini. Mstari mweupe ulipita pale chini, vibamba vilipoota kwenye mwamba.

"Limetoka wapi?" Graciela akauliza mara moja. Si ufidhuli. Kwetu jiwe lisilo na kwao ni yatima, hata liwe zuri vipi.

Lyle alikwaruza kidevu. "Mpenzi, uliza lolote. Hilo usiniulize, angalau kwa sasa."

"Kwa nini?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Akambusu kwenye paji la uso badala ya kujibu. Graciela akalipokea busu lile na kulipekua.

Baada ya hapo akaanza kuona mambo. Mlango wa Lyle, uliokuwa wazi siku zote, sasa ulikuwa ukifungwa mchana kweupe, wateja wamepanga foleni. Siku moja alipita akasikia sauti ya mwanamke ndani, inacheka, na Lyle anasema kwa chini, "Asijue mtu, hata Graciela." Siku nyingine aliona kizingitini buti za kike zenye tope jekundu. Alimpigia simu palepale, amesimama nje, akasikia inaita ndani na kukatwa.

Jioni Lyle akampigia. "Ulinitafuta, kipenzi?"

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na mteja."

"Mteja gani?"

"Graciela, kila nikikohoa unataka kujua nimekohoa kwa nani."

"Jibu basi."

"Siwezi. Nivumilie kidogo."

Hakuvumilia. Kesho yake alilichukua lile jiwe mpaka kwa mama mdogo Chayo. Katika moteli pahali pekee penye giza mchana ni bafuni, na kila muuzaji huweka humo taa ya zambarau ya kunasia ulaghai, kwa sababu chini ya mwanga ule gundi hung'aa. Wakaingia wote wawili, Chayo akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, akawasha.

Mstari mweupe wa chini uliwaka, buluu-nyeupe, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kubandika madini mazuri juu ya mwamba wa kuokota ni dhambi ambayo kwetu haisameheki. Mtu anayeibia benki atapewa kahawa kabla ya mbandikaji.

"Pole, mwanangu," Chayo akasema.

Graciela alitoka humo bafuni kama aliyemwagiwa maji. Angeweza kumwita Lyle pembeni. Angeweza kungoja. Lakini alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni pake, ulikuwa wazi safari hii, wateja wamejaa, na mnunuzi mkubwa kutoka Denver ameshika vimondo viwili akivipima uzito.

"Waambie na hivyo umevibandikia wapi," Graciela akasema.

Lyle aligeuka. "Nini?"

"Jiwe ulilonipa lina gundi. Nimelitia taani. Mwongo wewe, na mimi ni mpumbavu wa mara ya pili."

"Hakuna gundi kwenye lile jiwe."

"Basi sema limetoka wapi."

Watu wote walimtazama Lyle. Mnunuzi wa Denver akavirudisha vimondo mezani polepole, akajifuta mikono na kutoka. Graciela naye akaondoka, na ukumbi wa moteli ukafanya kazi yake. Kabla watu hawajamaliza kula mchana, chumba hadi chumba, walikuwa wakiambizana kwamba Hochstetler anabandika.

Lyle alipiga simu jioni ile. Graciela hakupokea. Lyle akapiga tena, Graciela akaizima. Akalia hadi macho yakavimba, na kesho yake, kwa hasira ambayo haikuwa imeisha, akalibeba lile jiwe darasani ili wanafunzi wajue ulaghai unafananaje.

Ilikuwa siku ya tindikali. Kila mwanafunzi hupewa kichupa chenye tindikali iliyozimuliwa na trei ya mawe, akadondoshea tone tone, aone lipi linatoa povu. Graciela alikuwa ubaoni anaandika. Mwanamama mmoja wa viti vya mbele, muuguzi aliyerudi masomoni, alimaliza trei yake, akaona jiwe la mwalimu limekaa mezani, akadhani nalo ni la zoezi.

"Mwalimu, hili mbona linachemka kwenye mstari?"

Graciela aligeuka. Pale kwenye mstari mweupe povu lilikuwa likipanda, jembamba, lenye sauti ndogo ya kuchachatika.

Gundi haitoi povu. Kalsaiti ndiyo hutoa povu, na kalsaiti nayo hung'aa chini ya taa ya zambarau, na hayo mwenyewe aliyafundisha mwezi uliopita, akawapa mtihani, na waliokosa akawakata alama. Mstari ule ulikuwa mshipa wa kalsaiti ulioota wenyewe ndani ya mwamba, maji yakipitisha madini yake tone kwa tone, kabla hajazaliwa mtu wa kuushuku.

Alilishika jiwe chini ya bomba, akalisuuza lile tone.

"Nimefanya vibaya?" muuguzi akauliza.

"Hapana," Graciela akasema. "Wewe umefanya sawasawa. Darasa limeisha."

Akapiga simu akiwa bado na koti la maabara. Haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Akaendesha gari hadi motelini, na ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho, watu wanafunga mawe yao kwenye magazeti.

Kwetu neno linarudishwa kwenye milango lilikopitia. Alianza mwanzo wa ukumbi. "Nilisema Hochstetler anabandika. Nilikosea. Ni kalsaiti. Niliipima kwa tindikali, ikatoa povu." Wengine waliitikia kwa kichwa. Mmoja alimtazama juu hadi chini akamwuliza kama kweli ni mwalimu wa hayo mambo. "Ndiyo," akasema, na uso ukamwaka moto, akaenda mlango wa pili. Mama mdogo Chayo alikuwa anafunga feruzi zake.

"Hata mimi nilikuwa bafuni," Chayo akasema, macho chini. "Nenda, mwanangu. Milango ya upande ule nitaimaliza mimi."

Mlango wa Lyle ulikuwa umefungwa. Ndani sauti ya mwanamke ikacheka. Graciela alihisi ile forodha yake inanyanyuka tena, inataka kuvizia, inataka kubandika sikio. Akagonga.

Aliyefungua alikuwa bibi wa nywele nyeupe, mwenye fimbo mkononi na buti za tope jekundu miguuni.

"Wewe ndiye mwalimu," bibi akasema. "Mimi Bernadine. Nachimba na huyu. Yaani yeye anachimba, mimi namsimamia, magoti yangu yamestaafu." Akamgeukia Lyle. "Nitakuwa kwenye gari. Msinicheleweshe, nina njaa."

Lyle alikuwa amekaa juu ya sanduku. Hakuinuka.

"Nimeshaambiwa kuhusu ziara yako ya ukumbini," akasema. "Na povu."

"Nisamehe."

"Ulinivunjia jina mbele ya watu, Graciela. Yule wa Denver hakurudi."

"Najua. Nitamfuata huko huko Denver nikamwambie."

"Hilo jiwe nililichimba mimi. La kwanza kutoka. Mimi na Bernadine tumepata mahali, na kabla hujapeleka karatasi serikalini ukitamka neno moja tu, mtu anakuja kupiga vigingi vyake juu ya vigingi vyako, mgodi unakuwa wake. Tuliapizana. Nikavunja nusu ya kiapo nikakupa wewe la kwanza. Ningekueleza siku ileile tunayosajili. Zilikuwa zimebaki siku za kuhesabu."

Graciela hakujitetea. Alikaa sakafuni mbele yake, sketi yake ikazoa vumbi.

"Nakupenda," akasema. "Na naogopa. Vyote viwili sijui kuvifanya kwa adabu."

Lyle alikwaruza kidevu.

"Tumesajili jana," akasema. "Sheria inataka kila mgodi uwe na jina. Mwanzoni tulikuwa tumekubaliana uitwe Graciela."

"Mwanzoni?"

"Jana nilikuwa nimekasirika."

"Umeuitaje, Lyle?"

"Bi Shaka."

Graciela alifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika, na Lyle hakujua kama ni kilio au kicheko, mpaka alipoona ni vyote.

"Umeandikwa hivyo serikalini?"

"Kwa muhuri. Bi Shaka, Kaunti ya Pima. Na Bernadine ameshachora kibao."

"Badilisha."

"Kubadilisha ni kwenda Phoenix, foleni ya kutwa nzima, na fomu ambayo hakuna mtu hai anayeielewa." Akateremka kutoka kwenye sanduku, akakaa naye vumbini, akamshika mkono. "Ila mke wa mwenye mgodi anaruhusiwa kulalamika kila siku. Unaonaje, laazizi? Utaolewa nami na jina hilo lote?"

Nje Bernadine akapiga honi. Ilikuwa ndefu, ya mtu mwenye njaa.

Graciela alikuwa na maswali kama kumi, na yote aliyahisi yamejipanga kooni. Aliyameza.

"Ndiyo," akasema. "Na Phoenix usiende. Ni rahisi zaidi nibadilike mimi."