Mwisho wa Sehemu ya Tano

Kila siku baada ya masomo, Hildegarda alivuka reli, akapita maduka ya Magomeni mjini Kilosa, akaenda kwenye kituo cha walimu alikofanya usafi shangazi yake, Magreti. Alimngoja hapo hadi amalize kazi. Alikuwa na miezi mitatu tangu afike Kilosa, na bado hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba kiatu kinambana.

Mama yake, Irine, alibaki Mikumi, akipika katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Kazi ilikuwa ya zamu, na chumba alichopewa hakikuruhusu mtoto. Ndiyo maana Hildegarda akaletwa kwa shangazi.

Mwaka huo, 2009, kituo kilikuwa kimeunganishwa na intaneti. Msimamizi wake, Mwalimu Theodory, alimruhusu Hildegarda kutumia kompyuta ya pembeni saa moja kila siku. Alimwonyesha kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo mtu yeyote anaweza kuandika makala zake au kuzisahihisha. Siku moja Hildegarda akakuta humo makala ya mistari mitatu kuhusu sehemu ya tano ya tamthilia ya televisheni iitwayo "Nyumba ya Pili". Hiyo ndiyo sehemu aliyoitazama na mama yake, wameketi mkeka mmoja, jioni ya mwisho kabla hajaondoka Mikumi.

Makala ilikuwa na makosa. Jina la mhusika mkuu, msichana Tunu, lilikosewa, wala haikuelezwa kwamba mama yake alimwacha kwa jirani akaenda mbali kutafuta kazi. Hildegarda alisahihisha, akaongeza aya moja leo, nyingine kesho. Kwa muda wa saa ile moja alisahau kwamba yuko peke yake.

Tatizo lilikuwa mwisho. Jioni ile umeme ulikatika Tunu akiwa stesheni, anangoja treni. Kilichofuata Hildegarda hakukijua. Aliikodolea macho kompyuta, kisha akaandika: "Mama alishuka kwenye treni, akamkumbatia Tunu, wakarudi nyumbani pamoja." Alitamani sana iwe hivyo. Akaiacha.

Baada ya siku mbili alikuta ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano. Mhakiki aliyejiita Anselmi aliandika: "Kazi nzuri. Ninaipitia makala hii ili niipendekeze iwe miongoni mwa makala bora. Ila huo mwisho umeutoa wapi?"

Tangu afike Kilosa, hakuna aliyekuwa amemwambia "kazi nzuri". Aliogopa kumpoteza huyo mmoja. Akajibu: "Niliitazama mwenyewe mpaka mwisho."

Ijumaa, Mwalimu Theodory aliichapa makala ile akaipeleka shuleni, ikasomwa mbele ya darasa la sita, alimosoma Hildegarda. Wanafunzi walimpigia makofi. Wakati wa mapumziko, Juliana Bundala alimfuata kwenye bomba la maji. Juliana alitoka katika familia ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Wenzake walimcheka lafudhi yake, hivyo hakupenda kusema sana.

"Mama yake Tunu hakurudi," alisema taratibu. "Niliitazama hospitali ya Berega, tulipokuwa tunamuuguza bibi. Treni ilipita, mama hakushuka. Yule jirani akaja, akakaa na Tunu kwenye benchi."

"Labda umesahau."

"Sijasahau. Nililia mbele za watu." Akafunga bomba. "Sijamwambia mtu mwingine. Nimekuambia wewe tu."

Alasiri ile Hildegarda hakuigusa kompyuta. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa msimamizi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Ule mwisho niliutunga. Umeme ulikatika, sikuuona. Tena nilimdanganya mhakiki."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mama yake arudi."

Mwalimu Theodory alivua miwani, akaifuta polepole. Alielewa ni mama yupi. "Mwandikie sasa hivi," alisema, "kabla hujaanza kutafuta maneno ya kujitetea."

Hildegarda aliifuta ile sentensi, akaandika: "Nilikudanganya. Mwisho sikuuona. Mwenzangu aliuona, anasema mama hakurudi. Nisamehe."

Jibu lilikuja Jumatatu. "Ahsante kwa kusema kweli. Lakini kumbukumbu ya mwenzako peke yake haitoshi. Tafuteni mahali mwisho huo ulipochapishwa."

Katika chumba cha nyuma cha kituo kulikuwa na marundo ya magazeti ya zamani. Hildegarda alimwomba Juliana waje pamoja. Walipekua alasiri tatu, vumbi likiwapigisha chafya. Juliana alisimulia safari ya kuswaga ng'ombe wa baba yake hadi Kilosa. Hildegarda alisimulia tembo wa Mikumi wanaovuka barabara malori yakiwangoja. Siku ya tatu wakalipata toleo la Jumapili lenye safu ya televisheni. Mwisho ulikuwa kama Juliana alivyosema.

Hildegarda alisoma mara mbili. "Kumbe kweli hakurudi," akasema, machozi yakamtoka. Juliana alisogeza magazeti, akakaa karibu naye.

Waliandika mwisho wa kweli, pamoja na jina la gazeti na tarehe yake. Kesho yake Anselmi alijibu kwa ufupi: "Sasa nimeipendekeza."

Mwalimu Theodory aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama nyuma yao.

"Sikilizeni," alisema. "Watu msiowajua watasoma maneno yenu na kuyaamini. Hawana namna ya kuwatazama usoni wajue kama mnasema kweli. Kwa hiyo, usilolijua usilijaze kwa unalolitamani. Sema hujui, kisha uliza. Hildegarda, ungeuliza darasani siku ile ya kwanza, Juliana ungempata mapema."

Hildegarda aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mwalimu."

Juliana alikuwa bado anaiangalia kompyuta. "Na sehemu ya sita ina makala?"

Hildegarda akatafuta. Haikuwa nayo.

"Wewe umeiona?" akauliza.

"Sijaiona."

"Hata mimi."

Wakainuka wote wawili, wakarudi kwenye magazeti.