Kimya cha Paka wa Bibi

"Tumwambie bibi paka ametoroka," Chiriku alisema huku akilia. "Dirisha lilikuwa wazi, akaruka. Atasikitika, halafu yataisha."

"Na bibi akirudi kutoka hospitali awe anamwita paka dirishani kila jioni?" mama alimjibu. "Umedanganya wiki tatu, mwanangu. Zinatosha."

Paka alikuwa ndani ya boksi, juu ya taulo. Alikuwa paka wa Kiajemi, uso duara, pua bapa, manyoya marefu meupe. Ungedhani amelala. Lakini tumboni na makwapani manyoya yalikuwa yamesokotana kama zulia la mlangoni, na chini yake ngozi ilikuwa vidonda vitupu.

Bibi alipovunjika nyonga na kulazwa, alimkabidhi Chiriku paka huyo pamoja na kitana. "Mchane kila asubuhi. Mfute macho. Hakikisha amekula." Kila asubuhi Chiriku aliweka alama ya vema kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Kitana hakukigusa.

Kwake yeye, paka mwenye shida hupiga kelele. Ndivyo alivyozoea kwa paka wao wa Kisiamu, mwembamba, masikio meusi, macho ya buluu. Ukimchelewesha chakula kidogo tu, mtaa mzima utajua. Wa bibi alikaa kwenye kochi kama mgeni anayeona haya kuomba maji. Chiriku akadhani ameshiba, kumbe yule wa Kisiamu alikuwa akila mabakuli yote mawili.

Asubuhi hiyo, paka aliposhindwa kuinuka, walimkimbiza kwa daktari wa mifugo, naye alimpapasa mara moja tu, akatikisa kichwa. "Mmechelewa. Manyoya yaliwaficha mbavu. Hawa wa Kiajemi ni wapole mno, huugua huku wametulia. Usipomshika, hujui." Kabla ya saa sita paka alikata roho.

"Basi mwambie wewe, mama," Chiriku alinong'ona.

"Mimi sikuweka alama." Mama alifunika boksi, akaketi. "Nisikilize. Kutojua si kosa, ungeuliza ungefundishwa. Lakini kila siku nilikuuliza, nawe ukanionyesha karatasi. Uongo wako ulinifumba macho mimi niliyeweza kumsaidia. Mwongo humnyima msaada hata asiyemkusudia. Nami nina kosa langu: nilitazama karatasi, sikumtazama paka. Hilo nitalisema mwenyewe. Lako ni lako."

Chiriku alinawa uso, akabandua karatasi ukutani, akavaa viatu. Hakusubiri kesho. Wakaenda hospitali.

Bibi alipowaona alijiinua kitandani. "Karibuni, wanangu. Mzee wangu wa kochi hajambo?"

Chiriku, ambaye watu walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukupumzika, alishika chuma cha kitanda. Akatanguliza karatasi kabla ya maneno.

"Amekufa leo, bibi. Sikumchana hata siku moja. Alama hizi zote ni za uongo."

Bibi alipitisha kidole juu ya alama, moja baada ya moja.

"Alikula mara ya mwisho lini?"

"Sijui, bibi," Chiriku alisema, na safari hii alisema kweli.