Kilichokuwa Kikikua Kichwani mwa Burulai

Kila asubuhi Burulai ndiye aliyewasha jiko, akakamua ng'ombe, kisha akamvisha mdogo wake Emil kofia ya sufu waende shule. Vuli ile aliacha. Mama akimwamsha, alijifunika blanketi gubigubi. Chai ya maziwa ikapoa, mkate ukabaki ulivyowekwa.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kwenye sherehe ya mavuno, yeye na Emil walisahau maneno ya wimbo, watu wakacheka. Emil alilia, akapewa peremende, yakaisha. Kwa Burulai, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hayakuisha. Theluji ilipoanguka bado aliwasikia wakicheka. Aliamini hata walionyamaza walimcheka kimoyomoyo, na wangemcheka mpaka azeeke.

Baba alisema ni uvivu. Mama hakuridhika, akamwita shangazi Nurzat, muuguzi wa watoto mjini Naryn. Shangazi hakugomba. Alimsikiliza Burulai mpaka mwisho, kisha akamwita Emil, akamuuliza:

"Wale waliokucheka, sasa wanakuonaje?"

"Wepi?"

"Na ukiwa mkubwa itakuwaje?"

"Nitakuwa na farasi," Emil alisema, akarudi kucheza.

Shangazi akamgeukia Burulai, akatabasamu. "Hajakushinda ushujaa. Akili yake haijafika huko tu. Yako inaingia kwenye mawazo ya watu, inaiona hata kesho ambayo haijaja. Mwaka juzi hukuweza."

Burulai alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe humu ndani kitu kilikuwa kikikua kimyakimya, kikubwa namna hii, naye akidhani ameharibika!

"Ila akili changa hubahatisha, kisha ikaamini ilichobahatisha," shangazi aliendelea. "Na huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, huo ni ugonjwa. Una tiba."

Baba aliyasikia hayo, na mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari, tena zaidi ya mara moja. Huko Burulai alifundishwa kulihoji kila wazo: nani kakwambia? Kuna siku alishinda, kuna siku alishindwa. Theluji ilipoyeyuka alithubutu kuwauliza wenzake kuhusu ile sherehe. Wengi hawakukumbuka. Mmoja alikumbuka viatu vipya alivyovaa yeye mwenyewe.

Jioni hiyo alikula mkate, akaomba mwingine. Baba alimtazama akila.

"Nilikuita mvivu, mwanangu, kumbe ulikuwa umebeba mzigo," alisema. "Moyo ukikulemea tena, sema mapema. Na sisi wakubwa, kabla ya kulaumu, tuulize."