Gari Lina Viti Vitano

"Wewe si utabaki?" mume wangu aliniuliza, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

Nilikuwa napiga pasi kaptura za pacha wetu. Nikaiinua pasi, nikamtazama.

"Nibaki wapi?"

"Hapa nyumbani, Jumamosi. Dada yangu naye anataka kwenda, na gari lina viti vitano."

Safari yenyewe niliipanga mimi. Mimi ndiye niliyeulizia njia ya kwenda kwenye maporomoko, nikapiga simu shamba la farasi, nikaweka nafasi ya kibanda kando ya kijito. Wodini nilimbembeleza muuguzi mwenzangu anishikie zamu. Hata mama mkwe nilimwalika kwa mdomo wangu.

"Hebu nipangie hivyo viti."

"Mimi naendesha. Mama anakaa mbele, magoti yanamsumbua. Nyuma pacha na dada."

"Na mke?"

"Mama Pacha, si utapumzika? Kila siku unalalamika umechoka."

"Nimechoka na wodi. Sijachoka na wanangu."

Simu yake ikalia mezani. Ujumbe wa wifi yangu ukajitokeza kwenye kioo. Nikauwahi, nikausoma kwa sauti:

"Kaka, umeshamwambia? Asijitie kununa. Wake wako wengi, dada ni mmoja."

"Dada huyo, mdomo wake si unaujua?"

"Wake naujua. Leo nataka kuujua wako." Nikazipandisha jumbe zao juu kidogo. "Jana ulimjibu, 'Usijali, nitamweka sawa.' Haya, niweke sawa. Nimesimama hapa."

Akakuna shingo. "Basi yaishe. Nitabaki mimi, wewe uendeshe."

"Unajiona ulivyo? Uko radhi kuwakimbia wanao kuliko kumwambia dada yako neno moja!"

"Unataka nigombane na ndugu zangu?"

"Mbona kugombana na mimi huoni tabu?"

"Punguza sauti, watoto watasikia."

"Wasikie! Wajue baba yao ni simba kwa mama yao, kwa shangazi yao ni panya."

Hilo lilimchoma. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Hakukiokota.

"Safari ya siku moja tu, unataka kuvunja nyumba?"

"Siyo safari, Baba Pacha. Mimi na wewe siku hizi tunaongea nini? Gesi imekwisha, nani atawafuata watoto shule. Basi. Nilitaka siku moja unione sijavaa sare, nimekaa kwenye majani na wewe. Nawe umempa mtu kiti changu bila hata kuniuliza." Nikazima pasi. "Mkiondoka Jumamosi bila mimi, mkirudi kabati litakuwa na nguo zako peke yake."

Alinitazama kuona kama natania. Mimi sitanii na mambo ya kabati.

Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Sikumwambia aiweke.

"Kaka wangu!" wifi akaitika. "Eti, amenuna?"

"Dada, Jumamosi hutaenda na sisi."

"Nini?"

"Gari limejaa. Mke wangu ndiye aliyepanga safari, na anakwenda. Nilikosea kukuahidi."

"Huyo mwanamke kakulisha nini?"

"Chakula. Hata wewe ukija anakulisha. Na ule ujumbe wako, usinitumie tena maneno kama yale."

"Ala! Basi na mama haendi! Bila mimi haendi popote!"

Sauti ya mama mkwe ikaja kutoka nyuma, kali kama kengele:

"Nani kakutuma unisemee? Mimi nakwenda kuona farasi. Ukinuna, nuna na magoti yako, yangu yanaingia garini!"

Simu ikakatwa.

Akaokota kiti, akakiweka sawa.

"Umeridhika?"

"Bado. Wakati mwingine usingoje mpaka nitaje kabati."

"Nimekoma." Akasogea, akaichukua kaptura mkononi mwangu, akaikunja vibaya mno. "Mama atakaa mbele. Wewe sasa itabidi ukae nyuma, katikati ya pacha."

"Nitakaa."

"Nami nitakuwa nakuona kwenye kioo njia nzima."

"Wewe angalia barabara," nikamwambia, nikamnyang'anya kaptura, ila mkono wake sikuuachia.