Daktari wa Kwenye Gunia

Haki ya Mungu, mambo haya yalitokea hapa Bwera, na mimi Tsongo nilikuwepo. Anayebisha aje nyumbani tubishane tukiwa tumekaa. Mimi ni mzee mstaafu, nina muda.

Mama Biira ana stoo ya karanga na maharage karibu na soko. Watoto wake wanakula na kusoma kwa stoo hiyo. Mlinzi wake ni paka anayeitwa Afande. Panya wa Bwera walikuwa wakimsikia Afande akikohoa, wanavuka mpaka kwenda Kongo bila karatasi. Hapo nimetia chumvi kidogo. Mengine yote ni kweli tupu.

Mwanzoni Afande alikula panya na mukene, wale dagaa wadogo. Kisha Magidu, muuza duka wa hapa sokoni, akaleta chakula cha paka. Kilikuwa punje kavu ndani ya gunia kubwa, na alikiuza kwa kikombe. Gunia lilikuwa na kibandiko chenye picha ya paka na maneno haya: "Kimependekezwa na daktari wa mifugo."

Mama Biira alifurahi. Miezi minane alimlisha Afande chakula hicho tu. Afande akashiba, akaacha kuwinda. Kisha manyoya yakachakaa. Akakonda. Akaanza kujigonga kwenye magunia kama mtu anayetembea gizani. Panya wakatoboa magunia manne ya karanga.

"Amezeeka huyo," nikasema. "Tafuta mwingine."

"Ana miaka mitatu, Mzee. Hajazeeka. Anakufa, na mimi sikubali."

Akaenda kwa Magidu. Nikamfuata.

"Magidu, hii chakula yako inaua paka yangu!"

"Mama, hiyo iko ya dokta! Soma mwenyewe. Weye unabishana na dokta?"

"Nabishana na karatasi. Dokta gani? Iko na jina? Iko na simu?"

Magidu akanitazama. Mimi nikatazama bodaboda zinazopita.

"Dokta ni dokta," akasema Magidu.

"Basi nipe gunia moja tupu."

"Mama Biira, twende nyumbani," nikasema. "Utajiletea aibu."

"Mwenye aibu atajulikana."

Kesho yake akamweka Afande kwenye kikapu, akakunja lile gunia tupu la Magidu, tukapanda gari kwenda mjini Kasese. Njiani, pale Kikorongo, abiria mmoja akauliza kama tunauza kuku. Afande akamjibu mwenyewe.

Daktari wa mifugo anaitwa Salmah. Alisikiliza moyo wa Afande. Akamulika macho yake kwa tochi. Kisha akachukua gunia, akakwangua kibandiko kwa ukucha. Chini ya paka ikatokea picha ya mbwa.

"Hiki ni chakula cha mbwa," akasema. "Mbwa atakula aishi. Paka hawezi kukitegemea. Mwili wake unahitaji taurini. Inatoka kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa miezi mingi, moyo unalegea na macho yanaharibika."

Mama Biira alimshika Afande kifuani. "Atapona?"

"Tumewahi. Moyo unaweza kupata nguvu tena. Macho yaliyoharibika hayarudi, lakini tutajaribu kuzuia yasizidi. Nitampa dawa. Na chakula kibadilike leo."

"Basi nifundishe, daktari. Sidanganywi mara ya pili."

Salmah akaleta mfuko uliofungwa. "Tazama hapa. Pameandikwa ni cha paka. Sasa tafuta maneno 'chakula kamili'. Umeyaona? Maana yake kinamtosha peke yake. Kikiwa cha nyongeza tu, hakitoshi."

"Na hii?"

"Umri. Mtoto wa paka ana chakula chake, na paka mzima ana chake. Pale chini kuna tarehe. Ikipita, usinunue."

"Kile cha kikombe je?"

"Gunia likikaa wazi, unyevu na wadudu huingia. Tarehe yenyewe huioni. Achana nacho."

"Na wakisema daktari amependekeza?"

"Uliza jina lake, kisha uliza sababu. Daktari wa kweli hatakasirika. Hata mimi niulize."

"Haya, nakuuliza. Kwa nini hiki?"

Salmah akacheka. "Wewe mama! Kwa sababu ni chakula kamili cha paka mzima kama wako. Orodha ya vilivyomo inaanza na kuku na samaki. Na kampuni imeandika anwani na simu yake."

"Nitawapigia," akasema Mama Biira. Na kweli aliwapigia.

Miezi miwili ikapita. Afande akanenepa, manyoya yakang'aa. Salmah alimpima tena, akasema moyo una nguvu. Macho yalibaki hafifu, lakini masikio yalimtosha. Asubuhi moja alipanga panya watano mlangoni kama askari kwenye gwaride.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Mama Biira akarudi kwa Magidu, duka likiwa limejaa watu.

"Vibandiko vyote vitoke leo. Na bado nataka jina la dokta."

"Mama, hata mimi niliuliza mutu," akasema Magidu. "Dokta ni huyo nyuma yako."

Nyuma yake nilikuwa mimi.

Sasa nitafanyaje? Nilikuwa dereva wa madaktari wa mifugo miaka kumi na minane. Watu wakaniita dokta, nami sikuwakataza. Magidu aliponiuliza kama paka anaweza kula chakula cha mbwa, nilijibu, "Mnyama ni mnyama." Akanipa sukari kilo mbili.

"Sukari iko wapi?" akauliza Mama Biira.

"Nimeinywa."

"Basi chakula cha Afande utanunua wewe. Mfuko uliofungwa, kila mwezi, mpaka mwisho wa maisha yake."

Watu wakapiga makofi. Nikajitetea kwamba mimi ni mzee. Hakuna aliyesikia.

"Kwani paka huishi miaka mingapi?" nikauliza.

"Akilishwa vizuri?" akasema Mama Biira. "Hata kumi na mitano."

Nikatoa pochi.