Mabruki Aliyeachwa Njiani

Kila jioni Anitha alikuwa na kazi zake ambazo hakuna aliyehitaji kumkumbusha: kuchota maji bombani, kufungia mbuzi, na kumpelekea Babu uji. Mbili za kwanza alizifanya kwa kununa kidogo, maana foleni ya bombani ilikuwa ndefu, na mbuzi wao walikuwa wakaidi kuliko watoto wa darasa la kwanza. Ya tatu aliipenda. Babu Methusela Mabruki alikaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, akiota jua la mwisho kwa sababu kifua chake hakikupatana na baridi ya Dodoma. Uji ulikuwa wa uwele, na sharti uwe mwepesi, la sivyo Babu angeuliza kama ule ni uji au ni ugali uliokosa mboga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mwalimu kawafundisha nini?"

Swali hilo halikukosekana hata siku moja. Ernest, baba yake Anitha, alikuwa fundi ujenzi mjini na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama yake alishinda shambani. Kwa hiyo Babu na Anitha walikuwa marafiki wa kweli.

"Mwalimu Gaudence ametupa kazi," Anitha alisema. "Kila mtu aulize nyumbani jina la ukoo wake limetoka wapi. Ijumaa tutasimama mbele ya darasa tueleze."

Babu akaweka bakuli chini, na hakuwa mtu wa kuacha uji upoe.

"Utasimama useme habari za Mabruki?"

"Ndiyo, Babu. Wenzangu wananiuliza kila siku. Wanasema si jina la Kigogo."

"Wanasema kweli. Kaa hapa. Baba yako hajawahi kuniuliza, nami sikumwambia, maana enzi zetu habari hii ilifichwa. Lakini mimi sasa nimezeeka. Sitaki kwenda nayo kaburini."

Anitha akakaa, akakunja miguu.

"Mabruki wa kwanza ni babu yangu mimi," Babu alianza. "Alizaliwa mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa mkubwa kama wewe tu alipokamatwa pamoja na dada yake, wakauzwa. Aliyewanunua akawapa majina mapya, kama mtu anavyowapa majina ng'ombe wake. Yeye akaitwa Mabruki. Ni neno la Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa."

"Amebarikiwa, naye amefungwa mnyororo?"

"Ndiyo hivyo. Waliompa hawakuona haya."

Babu akakohoa, akapumzika, kisha akaendelea. Msafara ulikuwa unaelekea pwani, Bagamoyo. Ulipofika karibu na Mvumi, huku kwao, kijana alikuwa na homa, na nyayo zake zimeoza kwa vidonda. Msafara haukumngoja mgonjwa. Wakamfungua mnyororo, wakamwacha kisimani afe. Dada yake alivutwa mbele akilia na kumwita, mpaka sauti yake ikapotea.

"Mwanamke mmoja aitwaye Mbeleje alikuja kuchota maji, akamkuta," Babu alisema. "Akaacha kibuyu chake pale pale, akambeba mgongoni hadi kwenye nyumba yake ya tembe. Akamficha pamoja na ndama, akamlisha uji wa uwele kidogo kidogo. Alipopona, mume wa Mbeleje aliwaita wazee, akachinja mbuzi, wakampa mbeyu yao, yaani ukoo wao, na miiko yao yote. Tangu siku hiyo akawa mwana wa nyumba. Wakawekeana na ahadi: asitokee mtu wa nyumba ile akasema huyu alitoka wapi. Habari ni yake. Ataisema mwenyewe, au watoto wake. Kina Eliakimu wameishika ahadi hiyo mpaka leo."

Mzee Eliakimu alikuwa jirani yao, kitukuu cha Mbeleje. Anitha alimwona kila siku akipita na punda wake, na hakujua kama alikuwa amefumba mdomo juu ya jambo kubwa namna ile.

"Mbona hakubadili jina, Babu?"

"Walimpa la Kigogo, akalikataa. Alisema dada yake akipita tena njia hii, atamuulizia kwa jina walilolijua watu wa msafara. Akilibadili, nani atamwelekeza? Basi akabaki nalo. Dada hakupita. Yeye akamwachia baba yangu, baba akaniachia mimi. Kaseme hivyo hivyo, mjukuu wangu. Ukimaliza, uje unisimulie ulivyowaambia. Sijawahi kuisikia kwa mdomo wa mtu mwingine."

Anitha aliahidi kwa moyo wake wote. Siku zote tatu zilizofuata aliyarudia maneno yale njiani kwenda shule, na mara moja alilia alipofika mahali pa dada.

Ijumaa ikafika. Deusdedit, mvulana aliyejua kusema kuliko kusikiliza, alisimama wa kwanza. Alieleza jinsi mababu zake walivyoshuka kutoka Uhehe na makundi ya ng'ombe. Sidonia naye akasema ukoo wao ulikuwa wa waganga wa mvua. Kila aliyesimama alikuwa na ng'ombe, au mvua, au vita walivyoshinda mababu zake. Anitha hakuwa na kimojawapo. Alikumbuka ile picha ya watu waliofungwa minyororo katika kitabu chao, na jinsi Deusdedit alivyoicheka.

Alipoitwa mbele, Deusdedit alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Hao ni wa kuja."

Mwalimu Gaudence akamkanya. Kisha, kwa nia njema kabisa, akatoa simu yake. "Jina hili nami limenivutia, nikalitafuta. Asili yake ni Kiarabu. Lipo Unguja na Bagamoyo, lipo Tabora na Ujiji, lipo Mombasa. Tena lipo mpaka Omani na Tunisia!"

"Kumbe Anitha ni Mwarabu!" Sidonia alishangilia, na darasa zima likageuka kumtazama kwa macho mapya.

Hapo ndipo Anitha alipoteleza. Kinywa chake kilifunguka, na habari iliyotoka haikuwa ya Babu.

"Babu wa babu yangu alikuwa tajiri," alisema. "Alikuja na msafara wake kutoka Arabuni, na ngamia wengi. Alipofika hapa akapapenda, akaoa, akabaki."

Walimpigia makofi kuliko wote. Hata Deusdedit aliomba aonyeshwe walikofungwa ngamia. Lakini njia ya kurudi nyumbani siku hiyo ilikuwa ndefu, na makofi yale hayakumsindikiza hata hadi getini.

"Umewasimulia?" Babu aliuliza mara tu alipoona bakuli.

"Ndiyo, Babu."

"Wakasemaje?"

"Wamefurahi sana."

Uso wa Babu ukajaa furaha ambayo Anitha hakuweza kuitazama. "Haya, nisimulie nami nisikie."

"Kesho, Babu. Sijafungia mbuzi."

Kesho yake alikuwa na vyombo vya kuosha. Keshokutwa alisema koo linamuuma. Babu hakumlazimisha. Kisha kifua kikambana, wakampeleka hospitali. Jumamosi Anitha alikwenda kumwona pamoja na baba yake. Babu alikuwa amelala chali, akihema kwa shida, lakini alimshika mkono.

"Nisimulie," alisema.

Anitha alimtazama baba yake, akawatazama wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Ukipona, Babu," alijibu.

Babu hakupona. Alifariki Jumatatu kabla ya mapambazuko, na Anitha alipopewa habari alikuwa amekwisha kupanga moyoni kwamba uji wa kumpelekea jioni ataupika mwepesi kama apendavyo. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Huyu mjukuu aliyajua yote siku hiyo hiyo.

Kwa desturi, kabla ya jeneza kushushwa, husomwa historia ya marehemu: kuzaliwa kwake, kazi zake, watoto wake na ukoo wake. Kijijini pale mwandishi wa historia hizo alikuwa Mwalimu Gaudence, kwa kuwa maandishi yake yalisomeka. Ernest, akiwa amelemewa na msiba, alimwambia tu, "Andika, Mwalimu, nakuamini." Habari za ukoo mwalimu alikuwa nazo tayari. Alizisikia darasani.

Watu walikuwa wengi makaburini. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, kisha mwalimu akafungua karatasi. Anitha alikuwa amesimama karibu na mama yake, kichwa kimeinama. Alisikia mwaka wa kuzaliwa, akasikia ubatizo na ndoa. Halafu akasikia maneno yake mwenyewe.

"Ukoo wa marehemu ulianzishwa na mfanyabiashara tajiri kutoka Arabuni, aliyefika hapa na ngamia wake wengi..."

"Ngamia!" sauti ilidakia.

Alikuwa Bibi Dorothea, mtani wa ukoo wao. Na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Bibi alijitokeza mbele na kanga yake imefungwa ovyo kiunoni. "Ngamia hao walizikwa wapi, jamani? Na kama Methusela alikuwa mjukuu wa tajiri, mbona alikula mlenda wetu miaka yote hii bila kutuambia? Toeni hiyo mali tugawane, ndipo azikwe!"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa watani wanaposema. Anitha hakucheka. Alimwangalia Mzee Eliakimu, aliyeshika jembe tayari kufukia. Mzee alikuwa ameinamisha uso, na midomo yake imebanwa. Alijua kila kitu. Alijua bibi yake mzaa babu alimbeba nani mgongoni, na sasa nyumba yake inafutwa mbele ya kijiji kizima, naye hawezi kusema neno kwa sababu waliahidi. Nje ya nyumba hiyo hakuna mwingine aliyeijua habari ile, ila Anitha. Udongo ukishaanguka juu ya jeneza, uongo wa Anitha ndio utakaobaki kuwa ukoo wao.

Akaenda mbele.

"Si kweli," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Si kweli. Mwalimu hana kosa. Mimi ndiye niliyesema uongo darasani. Babu aliniambia vingine."

Mama yake alinyoosha mkono kumvuta. Ernest akamzuia. "Mwache aseme."

Akasema. Alieleza habari za ng'ambo ya ziwa, za mnyororo na za nyayo zilizooza. Aliposema "Mbeleje", Mzee Eliakimu aliinua uso. Alieleza uji na ndama na mbuzi aliyechinjwa. Alipofika kwa dada aliyevutwa akilia, alishindwa. Alilia kwa sauti, mbele ya Deusdedit, Sidonia na wote, na hakuna aliyecheka. Kisha akameza machozi, akamalizia: "Hakubadili jina ili dada yake akimuulizia aonyeshwe. Babu alisema niseme hivyo. Niliona haya."

Bibi Dorothea, mwenye maneno mengi, alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga.

Mwalimu Gaudence aliikunja karatasi yake. "Nisameheni, wafiwa," alisema. "Niliandika bila kuwauliza. Na ile miji niliyoisoma darasani, Ujiji, Tabora, Bagamoyo, sikuitazama vizuri. Ndiyo njia yenyewe ya msafara. Huenda wengi wenye jina hili waliachwa humo njiani kama yeye."

Mzee Eliakimu akachomeka jembe ardhini, akamkaribia Anitha na kumwekea mkono begani.

"Nyumba yetu imenyamaza tangu enzi za Mbeleje," alisema, akiwageukia watu. "Leo mwenye habari amesema, nasi tunaweza kuitikia. Ni kweli yote. Methusela alikuwa ndugu yetu." Kisha akamwambia Anitha taratibu, "Mjukuu wangu, wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Yule kijana alifungwa mnyororo na watu wengine, na haikuwa aibu yake. Wewe ulijifunga mwenyewe kwa ulimi wako. Leo umeukata mnyororo huo, na imekuuma, lakini umeukata."

Babu Methusela akazikwa kwa historia yake ya kweli. Deusdedit alikuja kusimama karibu na Anitha, kisha akaondoka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja kwenda kunawa mikono. Anitha alibaki akitazama udongo mbichi, na baba yake akaja kuchuchumaa pembeni yake.

"Baba, unadhani Babu amesikia?"

Ernest alikuwa na jibu tamu kwenye ncha ya ulimi, lile wanalopewa watoto wanaolia. Hakulitoa.

"Sijui, mwanangu. Sisi tumesikia. Mimi mwenyewe nimeijua leo asili yangu, na nina watu wazima wenzangu wa kunicheka kwa kutomuuliza baba yangu miaka yote hii. Lakini yeye aliyekuwa anaomba kusikia hakusikia. Hilo hatuwezi kulirekebisha, wewe wala mimi. Ukweli wa mtu, Anitha, mpe angali hai. Akishakufa unausema kwa ajili yako tu."

Anitha aliegemeza kichwa kwenye bega la baba yake, nao wakalia pamoja.