Pampu ya Meli ya Tatu

Asubuhi ya safari ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, fundi mkuu aliteremka chumba cha injini na kukuta pampu ya dizeli haipo.

Nchi ilikuwa bado changa. Ilianza na tishari moja bovu, sasa ilikuwa na meli mbili mtoni, na hii ya tatu, kubwa kuliko zote, ilingoja waziri aikatie utepe tu.

Kufika saa tatu, fundi alikuwa ameshatiwa pingu. Ndiyo kawaida: kitu kikipotea, wakubwa humtazama kwanza mwenye grisi mikononi. Meneja wa shirika, aliyewahi kuwa fundi mwenyewe kabla ya tai kumkaba shingo, alisema funguo za chumba cha injini ni mbili tu, wa fundi na wa ofisini. Wa ofisini ulikuwa msumarini pake.

Kilichomuuma fundi si pingu. Binti yake alikuwa amejifungua huko sehemu za juu za mto, mjukuu wa kwanza, na babu alikuwa ameahidi kufika.

Mpelelezi aliyeletwa alikuwa mama mnene waliyemwita Taratibu. Alianza na injini. Mirija ya mafuta ilikuwa imezibwa midomo kwa vipande vya kitambaa kizito cha kijani, uchafu usiingie. Boliti zilipangwa juu ya kifuniko cha kopo.

"Mwizi gani huyu," aliuliza, "anaiba halafu anafagia?"

Askari alisema huo ndio mkono wa fundi. Fundi akajibu kwamba ndoo yake ya matambara ilikuwa palepale; angetafuta kitambaa kingine cha nini?

Wakamleta mwenye maboti ya watu binafsi, ambaye abiria walimkimbia tangu meli za serikali zianze. Hakukana chuki yake.

"Mama, mimi ningemwaga mchanga kwenye injini, basi. Pampu niipeleke wapi?"

Taratibu akamwachia. Mwenye chuki angeiua meli. Huyu aliyeiba pampu alitaka ilale tu, iamke baadaye. Lakini nani anataka meli mpya ilale?

Akamfuata nahodha wa meli hiyo, shemeji yake fundi. Nahodha alimwambia aje aone. Alimpakia kwenye mtumbwi mpaka kwenye kona ya kisiwa, ambapo meli lazima ipite, akachomeka pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi. Ikagota mchanga. Maji ya kifua.

"Na meli yenu inataka kiasi gani?"

"Yanizamishe kichwa."

Alieleza kwamba mtoni kila mtu alijua hivyo, na meneja aliambiwa. Jibu likawa wataalamu walishapima. Kweli walipima, ila walikuja masika, mto umefura, wakala, wakaondoka.

Jioni Taratibu aliwakusanya wote ofisini kwa meneja. Meza ya mikutano ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kijani kinachoburura sakafuni. Akazunguka mpaka upande wa ukutani, akainama.

"Meneja, meza yako huku imevaa sketi fupi."

Akatoa mfukoni vile vipande, akaviunga kwenye ukingo uliokatwa. Vikalingana. Meneja akakaa, akalegeza tai.

"Waziri angekuwa ndani," alisema. "Nikwame naye mchangani mbele ya umati, na meli niliichagua mimi? Mvua ziko karibu. Nilitaka wiki chache tu."

"Na hizo wiki chache, fundi angezikaa wapi?"

Meneja akainuka, akafungua kabati lake. Pampu ilikuwa humo, imefungwa kwenye blanketi, haina hata mkwaruzo, ufundi haukumtoka. Akachukuliwa yeye peke yake. Wakubwa wa juu yake, waliotia sahihi meli inunuliwe, hakuna aliyewagusa, hao hawagusiki.

Fundi alifunguliwa. Alitaka kuirudisha pampu palepale, lakini Taratibu akamwambia hicho sasa ni kielelezo cha mahakama, kazi hana leo. Meli ya pili, ile ndogo inayopita popote, ilikuwa inapakia chumvi na sabuni za kwenda huko juu kwa binti yake. Akarukia hivyohivyo, bila hata mfuko.

Nahodha alisimama gatini akimpungia.

"Shemeji! Mwambie mjukuu meli kubwa ipo, ila mto wake bado tunautafuta."

Fundi akacheka mpaka akajiegemeza kwenye magunia, na kamba ikafunguliwa.